Miwa shambani, unga wa kununua: Kijana, piga hesabu kabla ya kupanda

Ukishika barabara ya kutoka Kakamega kuelekea Mumias, utaona miwa huku na huku, mingine imefika karibu na mlango wa nyumba. Lakini pitia sokoni jioni. Utawakuta wenye mashamba hayo hayo wakinunua mahindi kwa gorogoro. Inakuwaje mtu mwenye ekari mbili za zao la biashara akose unga?

Sisi vijana hupenda kusema wazee hawajui kilimo. Si kweli. Fuata hela utaona.

Muwa huchukua takriban mwaka mmoja na nusu kukomaa. Muda wote huo karo inadaiwa na watoto wanaugua. Wengi hukopa, ama huuza miwa ikiwa bado changa kwa bei ya kutupa. Siku ya mavuno, makato yanaanza: kulima, mbegu, mbolea, kukata, kusafirisha. Kinachobaki ndicho chako, na hulipwi siku hiyo. Trekta likichelewa, miwa iliyokatwa inakauka na kupungua uzani. Hasara hiyo ni ya mkulima.

Sasa fikiria mnunuzi akianguka. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga miwa miaka ya 1970 na kikaingia soko la hisa mwaka wa 2001. Septemba 2019 kiliwekwa chini ya mrasimu. Aliyekuwa amejaza shamba lote miwa akabaki bila soko na bila chakula.

Mwaka wa 2023, na tena 2025, serikali ilisimamisha usagaji magharibi mwa nchi kwa sababu viwanda vilikuwa vinagombania miwa ambayo haijakomaa. Hata mwenye miwa iliyokomaa ilibidi angoje.

Tusidanganyane, muwa umesomesha watu wengi. Balaa ni kuweka ardhi yote kwenye zao moja ambalo bei yake huipangi na siku ya malipo huijui. Babu aliweza kungoja kwa sababu alikuwa na shamba kubwa, huku miwa, kule mtama na ng'ombe. Wewe umegawiwa kipande. Ukikijaza miwa, utakula nini mwaka mmoja na nusu?

Sheria ya Sukari ya 2024 imerudisha Bodi ya Sukari na ushuru wa asilimia 4 wa kuinua sekta hii. Ni hatua nzuri, ila sheria haipiki ugali.

Kwa hivyo baba akikuonyesha sehemu yako, anza na chakula. Tenga ya mahindi, maharagwe na mboga, kisha ndiyo ufikirie muwa. Ukiletewa mkataba, usitie sahihi kabla ya kujua mambo matatu: nani anagharamia usafiri, mbolea unakatwa kwa bei gani, na utalipwa baada ya siku ngapi.

Na mkutano wa wakulima ukiitwa, nenda. Huko ndiko wanachaguliwa watu wa kukutetea mbele ya kiwanda, na mara nyingi viti vya vijana huwa vitupu. Halafu usiku tunajaa WhatsApp kulalamika kwamba wazee wameuzwa.