Maji yakishatoka ndani, umeme usirudi kabla ya fundi

Mwezi Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika, maji yakaingia mashambani na majumbani katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Kila mafuriko ya namna hiyo yanapotokea, wataalamu wa afya hutoa ushauri uleule: chemsha maji ya kunywa, tumia choo, lala ndani ya chandarua, mwahishe mtoto kituoni akiharisha. Ni ushauri mzuri, nami nitaurudia kila masika. Lakini kuna hatari moja ambayo haitajwi sana, nayo inaweza kuua kwa dakika chache: nyaya za umeme zilizolowa ndani ya nyumba.

Ili tuelewe hatari hii, tuangalie kwanza wenzetu wa mbali. Katika miji yenye mifumo mikongwe ya umeme, nyaya hupita chini ya barabara, na kila baada ya hatua kadhaa kuna chemba yenye mfuniko wa chuma ambamo mafundi huingia. New York, Marekani, ni mfano unaojulikana. Majira ya baridi chemba hizo hutoa moshi, nyingine huwaka moto, na mara nyingine mfuniko hurushwa juu kwa mlipuko. Barabarani humwagwa chumvi ili kuyeyusha theluji, na maji hayo ya chumvi hupenya hadi kwenye nyaya. Waya ambao ganda lake limezeeka, limetafunwa na panya au limekaushwa na joto la mzigo mkubwa huanza kuvujisha umeme. Ganda huungua polepole bila mwali, kwa kuwa chini kule hewa ni kidogo, na hutoa gesi zinazoweza kuwaka, ikiwemo kaboni monoksidi. Gesi ikishajaa, cheche moja tu inatosha.

Kibiti hakuna theluji, na nyaya za mitaani zinapita juu ya nguzo. Lakini vyanzo vya moto ule tunavyo: ganda bovu, maji, chumvi na mzigo uliozidi. Kwenye delta, maji ya bahari hupanda na kushuka kila siku. Maji ya mafuriko nayo hubeba tope na uchafu wa kila aina, yakaacha utando ndani ya soketi na swichi. Ukuta unaweza kuonekana mkavu, kumbe chumvi iliyobaki ndani inaendelea kuvuta unyevu. Mwenye nyumba anawasha, taa inawaka, anashukuru Mungu. Wiki kadhaa baadaye soketi inaanza kunuka plastiki iliyoungua, au mtoto anagusa friji akiwa miguu mitupu na kurushwa.

Umeme hauunguzi kama uji wa moto. Jeraha la nje linaweza kuwa doa dogo kidoleni, huku umeme umepita mkononi hadi mguuni na kuchoma misuli njiani. Misuli iliyokufa humwaga sumu kwenye damu, figo huzidiwa, na mkojo huwa na rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi. Moyo nao unaweza kupoteza mapigo yake ya kawaida. Mtoto mdogo aliyetafuna waya huungua pembe ya mdomo. Kidonda huonekana kidogo, kisha siku kadhaa baadaye, gaga linapobanduka, mshipa wa damu unaweza kupasuka na damu ikamwagika nyingi. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mtoto aliyeungua kwa umeme, mjamzito aliyepigwa shoti, na yeyote aliyezimia, anayesikia moyo kwenda mbio au aliyebadilika rangi ya mkojo, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama anacheka na kutembea.

Hatari ya pili ni ile gesi ya chemba za New York. Nasi tunaitengeneza wenyewe umeme unapokatika, tunapoweka jenereta barazani chini ya dirisha, au tunapoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango kwa sababu ya mvua. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Anayeivuta huumwa kichwa, husikia kichefuchefu na kizunguzungu, kisha husinzia. Katika ukanda wetu dalili hizo huitwa malaria kabla ya kipimo. Mzazi mwenzangu, malaria haiwaangushi watu wanne wa nyumba moja ndani ya usiku mmoja. Mkiumwa kichwa wote kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, zimeni jenereta au jiko, kaeni kwenye hewa safi, nendeni hospitali, na mwambieni daktari kwamba mlilala na jenereta au mkaa.

Kama maji yameingia nyumbani, fanya hivi. Usiguse meni swichi ukiwa umesimama kwenye maji. Ikiwa huwezi kuifikia ukiwa mahali pakavu, piga simu TANESCO wakate umeme kwenye nguzo. Waya ulioanguka, hasa ndani ya dimbwi, usikaribiwe hata kama kijiji kizima hakina umeme, kwa sababu unaweza kurudi wakati wowote. Mtu akinaswa, usimvute kwa mikono: zima umeme kwanza. Akiwa hapumui, mlaze chali na kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta usafiri. Kama ameungua, umeme ukishazimwa, mwagia jeraha maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai na mafuta viache jikoni na bafuni. Moto wa umeme usizimwe kwa maji; toeni watu nje na pigeni 114, namba ya Zimamoto. Wenye sola nao wajihadhari, kwani paneli huendelea kuzalisha umeme mradi jua linawaka, na betri iliyolowa inaweza kulipuka.

Kisha kuna jambo ambalo familia haiwezi kulibeba peke yake. Shirika la umeme linahusika na nguzo, nyaya za nje na mita. Kutoka kwenye mita kuingia ndani, waya ni mali ya mwenye nyumba. Utaratibu huo unaeleweka siku za kawaida. Lakini maji ya mafuriko hayajui mpaka wa mita, na mtu aliyepoteza mpunga wake wote hatamlipa fundi mwenye leseni ya EWURA wakati watoto hawajala. Atamwita kijana wa jirani aunganishe waya kwa selotepu, au atawasha tu na kuomba salama.

Kwa hiyo naomba halmashauri za Rufiji na Kibiti, pamoja na TANESCO, waingize ukaguzi wa nyaya katika mpango wa maafa, sambamba na unga, mahema na dawa za kutibu maji. Nyumba iliyoingiwa na maji isirudishiwe umeme mpaka fundi mwenye leseni apime nyaya, abadilishe soketi zilizolowa na ahakikishe eathi inafanya kazi. Pale inapowezekana, ifungwe breka inayokata umeme mara tu unapovuja. Zahanati na shule zitangulie. Mwenye nyumba ya kupangisha asipokee kodi ya vyumba vilivyolowa kabla ya ukaguzi.

Wapo watakaosema ni gharama. Ni kweli, lakini ilinganishwe na gharama ya kumsafirisha majeruhi kutoka Kibiti hadi Muhimbili, wiki kadhaa wodini, upasuaji wa kuhamisha ngozi, na mara nyingine mkono uliokatwa kwa kijana aliyeutegemea kwa jembe na nyavu. Mto huuhuu unaendesha Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115 za kuangaza nchi nzima. Watu wanaoishi kando yake wanastahili fundi mmoja wa kuwakagulia soketi kabla ya kuwasha taa.