Mkimbiaji na Nyumba Zilizo Kando ya Njia

Mwaka 2003 ilianza kuenea kwa watu, kutoka kompyuta hii hadi ile, picha ya mchezo wa Super Mario Bros. 3 ukichezwa tangu mwanzo hata mwisho kwa muda wa dakika 11 hivi. Mchezaji wake, Mjapani aliyejulikana kwa jina la Morimoto, alionekana akirukaruka juu ya vichwa vya maadui pasipo kukanyaga ardhi, akipenya kati ya risasi za mizinga kama mtu aliyekwisha kuambiwa tangu jana kila moja itapita wapi. Na pale ambapo jahazi la angani lilimlazimisha kungoja, kwa kuwa hatua za jahazi husogea kwa mwendo wake wenyewe na hazisikilizi haraka ya mtu, alikaa akijikusanyia roho za akiba mpaka zikatimia 99, kana kwamba mahali pale pa mauti palikuwa kwake baraza ya kupumzikia. Watazamaji waliduwaa. Kisha ikajulikana ya kwamba hakuna mikono ya binadamu iliyoucheza mchezo ule kwa mfululizo, bali ulifanyizwa polepole ndani ya emuleta, yaani programu ya kompyuta inayojifanya konsoli, ile mashine ya michezo; na mshangao wa wengi ukageuka ghadhabu, wakasema wamehadaiwa.

Ghadhabu hiyo haijatulia hata leo. Vijana wanaotazama vipande vya mbio za namna hii, za kuumaliza mchezo upesi, katika simu zao hubishana jambo lile lile, na hukumu yao aghalabu ni moja, kwamba mwenye kufanya hivi ni mwizi. Mimi naona hukumu hiyo haina insafu, nami napenda kuijibu kwa urefu, maana ndani yake mmefichwa swali lililo kubwa kuliko mchezo mmoja.

Kwanza tutazame kazi yenyewe ilivyo. Konsoli ya zamani ya Nintendo huchora picha takriban 60 kwa kila sekunde, na kwa kila picha huuliza swali moja tu: ni vitufe gani vimebonyezwa? Mwenye kutengeneza mbio zinazosaidiwa na vyombo huusimamisha mchezo katika picha moja, akaamua kitufe, akasogeza picha moja mbele, akatazama lililotokea, na akiona amekosea, au akiona kwamba alikuwa na uwezo wa kufika mapema zaidi kwa sehemu ya sitini ya sekunde, hurudi mahali alipoweka alama akaanza tena, mara elfu, mara elfu kumi. Hata bahati huingia katika hesabu yake, kwa sababu bahati ya mchezo si bahati kweli, bali ni hesabu inayofuata kilichobonyezwa na wakati kilipobonyezwa, na mwenye subira huweza kungoja picha mbili ili adui ageuke kushoto badala ya kulia. Kinachosalia mwishoni ni orodha ya vitufe, picha baada ya picha. Sheria za mchezo hazikuguswa hata moja. Konsoli halisi ikisomewa orodha ile huweza kucheza vile vile.

Sisi tuliolelewa katika lugha hii hatuhitaji kutafuta mbali mfano wake. Malenga anapojibizana na mwenziwe mbele ya hadhara, papo kwa papo, sifa yake ni wepesi wa ulimi na uthabiti wa moyo, na kina kikimponyoka watu humsamehe kwa kuwa wanaijua shida ya mahali pale. Malenga huyo huyo akirudi nyumbani, akakaa na ubeti mmoja siku saba, akafuta na kuandika, akahesabu mizani kwa vidole vyake na kulitupa neno zuri kwa kuwa halikubaliani na jirani yake, hakuna amwambiaye kuwa ni mwizi. Kinyume chake twamdai zaidi, kwa maana aliyepewa wasaa hana udhuru wa kosa. Wizi huingia siku anapouleta uwanjani ule ubeti wa siku saba na kudai kwamba umemjia sasa hivi. Huo ndio mpaka, nami siujui mwingine.

Na mpaka huo waliuweka wenyewe walioianza sanaa hii. Mwaka 1999 baadhi ya wachezaji wa Doom, mchezo wa 1993 uliokuwa na uwezo wa kuhifadhi mienendo ya mchezaji ili itazamwe tena, waliigeuza programu yake wakapata kucheza kwa mwendo wa pole na kusahihisha makosa, wakaiita kazi yao wazi kwa jina linalotangaza msaada wa vyombo, wala hawakuichanganya na mbio za mikono mitupu. Yaliyotokea kwa picha ya Morimoto ni kwamba kazi ilitembea na maelezo yakabaki nyuma, kama barua iliyofika bila bahasha yake.

Chombo hicho hicho kinacholaumiwa kwa hadaa kimekwisha kusimama kuwa shahidi dhidi ya hadaa. Katika mchezo mkongwe wa Dragster, ambamo kazi yote ni kuendesha gari kwa sekunde chache, rekodi ya sekunde 5.51 iliyodaiwa mwaka 1982 ilisimama kwa miaka 35, mpaka mtu mmoja mwenye bidii alipoupekua mchezo ule hesabu kwa hesabu akakuta kwamba hakuna mpango wowote wa vitufe unaoshuka chini ya 5.57, na Januari 2018 rekodi ile ikaondolewa. Maarifa yaliyoivunja ni maarifa ya aina ile ile: kujua, pasipo kutegemea mkono wa mtu, mchezo wenyewe unaruhusu nini. Naye atakayetaka kuona maarifa hayo yafikapo, akumbuke Januari 2014, katika mkutano wa wachezaji wa mbio nchini Marekani unaochangisha fedha za hisani, ambapo mashine iliyounganishwa na konsoli ilibonyeza vitufe vya Super Mario World kwa mpangilio wa ajabu hata kumbukumbu ya mchezo ikageuka kuwa amri mpya, na mbele ya macho ya watu mchezo wa Mario ukawa mchezo wa nyoka. Haikutumika njia nyingine yoyote ila mlango wa vitufe ambao hata mtoto huutumia.

Sasa nije katika jambo ninalolipenda zaidi, nalo ni njia. Kuna michezo ya njia moja, na kuna michezo yenye pande na pembe, ambamo msafiri huweza kuiacha azma kubwa iliyomtoa kwao akaenda kumtafutia ajuza kuku wake. Na watu hugombana siku zote ipi iliyo bora. Mchezo wa Final Fantasy XIII, uliotoka mwaka 2009, ulilaumiwa sana kwa kuwa sehemu zake za mwanzo ni kama ukumbi mrefu mwembamba, na uwanda wake hufunguka katika sura ya 11 tu kati ya 13. Lakini mimi sioni kwamba unyofu ni aibu. Utenzi nao huenda moja kwa moja, kutoka dua ya ufunguzi hata jina la mtunzi mwishoni, na hakuna aliyenung'unika kuwa hauna vichochoro. Super Mario Bros. ya 1985 ilikuwa imenyooka hata kioo chake kilikataa kurudi nyuma: ulichokiacha kushoto umekiacha, na bado mbunifu wake Miyamoto na wenziwe walificha mabomba ya kupitia chini kwa chini, ambayo mwenye kuyajua humaliza mchezo kwa kucheza hatua 8 kati ya 32.

Hapo ndipo lilipo fumbo. Anayepita hatua 8 hawezi kuwa mgeni wa zile nyingine. Katika Super Mario 64 waundaji waliweka ngomeni ngazi isiyokwisha, mpaka mchezaji awe amekusanya nyota 70. Wachezaji wakagundua kwamba shujaa akiruka kwa kurudi nyuma kasi yake huongezeka bila mpaka akapenya ngazi ile, na idadi ya nyota zilizohitajika ikashuka hata 16, kisha, kwa hila zilizotafutwa kwanza kwa vyombo, ikafika sifuri. Jiulize ni mtu wa namna gani agunduaye jambo kama hilo. Ni mtu aliyesugua mgongo wake kwenye kila ukuta wa ngome ile, aliyeingia kila chumba kisicho na faida, ambaye angaliitwa mzembe kama angaliulizwa siku ile anatafuta nini. Mwenyeji wa mji wa kale hujua uchochoro wa kumfikisha sokoni kwa dakika mbili kwa sababu utotoni alipotea katika vichochoro vyote. Basi mkato ni mazao ya upotevu, na mwenye kukimbia kuliko wote ndiye aliyezurura kuliko wote, ingawa uzururaji wake hauonekani katika zile dakika 11.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaokwenda mbali zaidi wakasema kwamba njia fupi ndiyo hakika ya mchezo na mengine ni ganda. Kazi za kando nyingi, nakiri, ni ganda tupu: lete mimea 10, ua mbwamwitu 5, rudi upewe dinari, hizo zilibandikwa ili kurefusha saa, na anayeziruka hajapoteza kitu. Lakini ziko nyingine ambazo ndani yake mchezo huweka moyo wake, na katika zote nilizozijua hakuna iliyonigusa kama ile ya Majora's Mask, mchezo wa Nintendo wa mwaka 2000.

Katika mchezo huo mwezi unauangukia mji, na zimesalia siku tatu. Msafiri anayo ala ya kupuliza ambayo humrudisha asubuhi ya siku ya kwanza kila atakapo, na kazi yake ya lazima ni kuyashinda mahekalu manne nje ya mji. Ndani ya mji, katika nyumba ya wageni, yumo binti aitwaye Anju, ambaye mchumba wake, Kafei, ametoweka na harusi imekaribia. Kumbe kijana yule amegeuzwa kuwa mtoto kwa uchawi, kisha akaibiwa kinyago chake cha harusi, na kwa haya na kwa ahadi amejificha asionekane mpaka akipate. Ukitaka kuwasaidia, sharti ufike jikoni usiku wa manane, uitie barua katika sanduku kabla haijakusanywa, umfuate mtoto yule, umpelekee binti kidani, na siku ya tatu uende mbali kwenye maficho ya mwizi; ukichelewa popote, basi. Usiku wa mwisho mama na bibi wa binti wamekwisha kukimbia mji. Anju amebaki, ameketi chumbani, kwa sababu ameahidi kungoja. Ardhi inatetemeka. Mlango unafunguka.

Hakuna hekalu linalofunguliwa na mlango ule. Kinyago cha wachumba unachopewa hakikuondolei adui yeyote. Faida yake ni kukomesha mabishano ya wakubwa wa mji katika ofisi ya meya, ambaye ni baba yake Kafei. Atafutaye mwisho wa karibu hapiti kabisa katika nyumba ile ya wageni, na hesabu yake ni sahihi. Nami namheshimu kwa hesabu hiyo, ila ninapomtazama akilikata soko la mji kwa kasi ile, hujikuta nikilitazama dirisha lililo nyuma yake.

Kisha huja jambo ambalo nimelifikiri miaka mingi. Wachumba wanaposhikana mikono zimesalia dakika chache mwezi uanguke, nao wanakuambia ukimbie, wao wataingoja asubuhi pamoja. Huna budi kupuliza ala yako. Ukiipuliza, ni asubuhi ya siku ya kwanza tena: barua haijaandikwa, kijana amejificha, na Anju amesimama mezani pake akiandikisha wageni, hakujui wewe ni nani. Kinyago tu ndicho kilichosalia, nacho kimo mfukoni mwako.