Mchimbaji hana mshahara wa mwezi, mutuulize vizuri

Kila mara watu wa anketi wanafika kwetu, kwenye machimbo ya upande wa Manguredjipa ao kwa wenye kuuzisha dhahabu hapa Butembo na Beni, wako na simu mkononi na swali moja: «Mshahara wako kwa mwezi ni ngapi?» Mchimbaji anafikiri kidogo, halafu anataja hesabu yoyote ili wamuache. Ile hesabu njo inaenda Kinshasa, hata Ulaya, na sisi wa sindika tunakuja kuisoma kwenye ripoti kama vile ni kweli.

Mchimbaji hana mwezi, iko na shimo. Shimo inaweza kula wiki sita bila kutoa kitu, halafu siku moja ikatoa. Na hata siku ile mawe yanagawanywa kwanza: fungu la PDG wa shimo, la mwenye kilima, la mwenye motopompe, tena kuna deni ya chakula. Basi mutuulize hivi: «Mara ya mwisho muligawanya ilikuwa lini? Wewe ulibakia na ngapi kisha kulipa deni?» Siku ya mgao mtu haisahauke.

Swali lenye kutuumiza zaidi ni hili: «Unajitegemea ao umeajiriwa?» Wote wanajibu wanajitegemea, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kontra. Artikle 15, kila mtu ajipange! Lakini PDG njo anamlisha, njo anamkopesha dawa, njo anamwambia dhahabu itauzwa kwa nani. Anajitegemea kwa kitu gani? Kode ya kazi ya mwaka 2002 inaangalia kama mtu anafanya kazi chini ya uongozi na mamlaka ya mwingine, kwa malipo. Mwaka 2018, kule Geneva, wataalamu wa hesabu za kazi waliweka fungu la pekee kwa watu wanaoitwa wa kujitegemea na kumbe wanategemea mwingine. Sisi tunajiona mule kabisa.

Kwa hiyo: «Nani alinunua chakula chenu wiki hii? Unaweza kuuzisha kwa mwingine bila kuomba ruhusa? Mwenzenu wa mwisho kuumia, nani alilipa hospitali?» Bila maswali kama haya, kwenye karatasi sisi wote ni wafanyabiashara wadogo, na inspekta wa kazi hana sababu ya kupanda mlima.

Tena wanaulizaka: «Uko memba wa kooperative?» Tangu Kode ya madini ilipogeuzwa mwaka 2018, mchimbaji anapaswa kuwa ndani ya kooperative yenye kukubaliwa na serikali. Nani atajibu hapana? Mumuulize kama anajua prezida wake, na kama alishakaa kwenye mkutano hata mara moja.

Kuhusu kodi za njiani, tunashangaa. Mei 2021 tuliwekwa ndani ya état de siège, na agent anauliza mbele ya watu: «Unalipaka kodi zisizo halali?» Mtu mwenye akili atanyamaza. Afazali: «Safari yako ya mwisho, ulilipa kwenye barriere ngapi?» Na muulize pembeni, mbali na PDG, bila kuandika jina.

Kuna wenzetu wa sindika wenye kupenda swali la namna hii: «PDG anawanyonyaka namna gani?» Hilo si swali, ni hukumu imekwisha kukatwa. Jibu lake halitatusaidia siku ya kukaa mezani na hao ma-PDG, watalitupa mara moja.

Halafu luga. Karatasi inaandikwa kwa Kifaransa, kila agent anaigeuza mwenyewe pale pale. Agent kumi, maswali kumi. Muandike mbele kwa Kiswahili na Kinande, mujaribishe kwa watu wachache, mwenye hakuelewa awaambie. Na musiulize tu wale wenye kuingia shimoni. Wamama wenye kutwanga mawe na kubeba mchanga hawaitwake wachimbaji, basi anketi inapita pembeni yao.

Anketi ikiisha, murudi kutusomea matokeo pale pale kwenye shimo, siku ya mgao, wakati watu wote wako.