Mkulima wa pamba anauza uzito, soko linanunua nyuzi

MKULIMA wa pamba wa Shinyanga, Simiyu au Geita anapofika kwenye mizani, swali linaloamua mapato yake ni moja: kilo ngapi? Pamba ikiwa nyeupe na safi inaingia daraja A. Ikiwa na madoa au uchafu inaitwa fifi, yaani daraja B, na bei inashuka. Baada ya hapo hakuna anayemuuliza kuhusu nyuzi zenyewe.

Hata hivyo, pamba hiyo ikishachambuliwa na kufungwa marobota, maswali hubadilika. Kilo 3 za pamba mbegu hutoa takriban kilo 1 ya pamba nyuzi, na mwenye kiwanda cha kusokota huinunua kwa vipimo vya maabara: urefu, uimara na unene wa nyuzi. Nyuzi fupi hutoa uzi unaokatika mashine inapokwenda kasi, na kitambaa chake huota vinyweleo mapema.

Unene hupimwa kwa kipimo kinachoitwa maikronea. Viwanda hupendelea zaidi pamba iliyo kati ya 3.7 na 4.2. Kipimo kikiwa chini sana, mara nyingi ni dalili kwamba nyuzi hazikukomaa, nazo nyuzi changa hazishiki rangi vizuri. Matokeo yake ni kitambaa chenye vidoa vyeupe. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kuchuma vitumba vilivyopasuka kikamilifu na baada ya umande kukauka.

Pamba ya Tanzania huchumwa kwa mkono, jambo ambalo lingepaswa kuipa sifa kuliko ile inayovunwa kwa mashine pamoja na majani. Sifa hiyo hupotea njiani kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wale wanaotia maji au mchanga ili kuongeza uzito. Ya pili haizungumzwi sana: viroba vya plastiki. Uzi mmoja wa kiroba ukichanika na kuingia kwenye pamba, husokotwa pamoja nayo bila kuonekana. Plastiki hiyo haishiki rangi inayotumika kwa pamba, hivyo kasoro hugundulika kitambaa kikiwa kimeshatiwa rangi. Mnunuzi aliyepata hasara ya namna hiyo hupunguza bei ya shehena inayofuata.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa tatizo. Pamba ya wakulima wengi huchanganywa kabla ya kuchambuliwa. Aliyetia mchanga anapata faida peke yake, lakini adhabu ya soko inagawanywa kwa wote. Vilevile, aliyechambua pamba yake kwa uangalifu analipwa sawa na jirani yake mzembe. Kumhimiza mkulima alinde ubora bila kumlipia ubora huo ni kumtaka afanye kazi ya bure.

Mfanyabiashara mdogo wa vitambaa yuko upande wa pili wa mnyororo huohuo. Anauziwa vitenge kwa maelezo kwamba ni pamba tupu, kumbe vimechanganywa na poliesta, ambayo aghlabu ni rahisi zaidi. Mteja akitokwa jasho na kuona nguo hainyonyi, harudi dukani.

Njia ya kujikinga haihitaji maabara. Chomoa nyuzi chache za mtande na za mshindio, kwa kuwa zinaweza kuwa tofauti, kisha uzichome mbalimbali juu ya sahani ya bati, ukizishika kwa koleo. Pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha punje ngumu. Sufu na hariri hunuka kama nywele zilizoungua. Punje ngumu ikionekana ndani ya majivu, kitambaa kimechanganywa.

Viskosi, inayotengenezwa kwa miti, huwaka kama pamba na inaweza kumdanganya mtu. Lowesha uzi kisha uuvute. Pamba haipungui nguvu ikilowa, lakini viskosi hukatika kirahisi. Jaribio hilo linafaa kufanywa kabla ya kulipia mzigo, wakati mnunuzi bado ana nafasi ya kupatana bei.

Kwa upande wa wakulima, nafasi hiyo ipo kwenye vyama vya msingi vya ushirika. Chama kinachokataa viroba vya plastiki, kinachokagua kila mzigo mbele ya mwenyewe na kutunza pamba ya daraja A mbali na fifi, kinaweza kuomba shehena yake ichambuliwe peke yake na vipimo vyake virudishwe kwa wanachama. Bila karatasi hiyo ya vipimo, mazungumzo ya bei yataendelea kuishia kwenye kilo.