Bluzi Inapokwenda Kuitafuta Ngoma

Wapo wanaodhani kwamba mwanamuziki aliyekwisha kupata jina hana tena cha kujifunza. Billy Gibbons, mpiga gitaa wa kundi la ZZ Top la Texas, Marekani, alionyesha kinyume chake. Kundi hilo lilianza mjini Houston mwaka 1969 na kujulikana duniani kote kwa bluzi na roki. Lakini albamu yake ya kwanza nje ya kundi, Perfectamundo, iliyotoka Novemba 2015 akikaribia umri wa miaka 66, haikurudia yale yaliyompa umaarufu. Aliigeukia midundo ya Kuba.

Sisi tunaona albamu hiyo inastahili kusikilizwa, si kwa sababu haina kasoro, bali kwa sababu inawakutanisha ndugu wawili waliotenganishwa na historia.

Ndugu hao ni bluzi na muziki wa Kuba. Wote wawili wana asili kwa Waafrika waliovushwa Bahari ya Atlantiki katika minyororo, lakini hawakulelewa sawa. Katika makoloni ya Waingereza huko Amerika, mabwana waliiogopa ngoma. Baada ya uasi wa watumwa wa Stono mwaka 1739, sheria ya South Carolina ya mwaka 1740 iliwakataza watumwa kupiga ngoma, kwa kuwa ngoma huwaita watu pamoja. Walionyang'anywa ngoma walibaki na sauti, makofi na vishindo vya miguu, na baadaye gitaa. Kutoka kwa wazao wa watu kama hao ndiko ilikotoka bluzi.

Kuba mambo yalikwenda vingine. Waafrika waliruhusiwa kuwa na vyama vyao, vilivyoitwa cabildo, vingi vikiwa na mtakatifu msimamizi. Kila tarehe 6 Januari, sikukuu ya Tokeo la Bwana, walitoka barabarani mjini Havana na ngoma zao. Lakini tusijidanganye: utumwa uliendelea Kuba hadi mwaka 1886, na mabwana wengi walikuwa wabatizwa kama sisi. Ngoma iliruhusiwa, uhuru ukanyimwa. Hata hivyo, ngoma ile iliyobaki ndiyo mama wa konga, bongo na klave, yaani vijiti viwili vinavyogonga mapigo matano, matatu upande mmoja na mawili upande wa pili, na bendi nzima huvifuata.

Gibbons hakuanza kujifunza hayo uzeeni. Alipokuwa kijana, baba yake, naye mwanamuziki, alimpeleka New York akafundishwe kupiga ngoma na Tito Puente, bingwa wa midundo hiyo. Mwaliko wa tamasha la jazi la Havana ndio uliomrudisha kwenye somo lile la ujanani. Katika albamu anachukua bluzi ya zamani kama "Baby, Please Don't Go", ambayo Big Joe Williams aliirekodi mwaka 1935, na kuiweka juu ya ngoma za Kuba. Wimbo uliokuwa ukitembea peke yake unapata wenzake wa safari.

Kasoro zipo. Albamu haikurekodiwa Kuba, na mara nyingine gitaa linatangulia mbele huku ngoma ikiwa kama pambo. Wimbo wenye jina linalomaanisha "Nataka pesa zaidi" hatuuchukui kuwa katekesi! Tena wapo watakaosema kwamba huyu ni mzungu mwingine aliyejitajirisha kwa mali ya watu weusi. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuipuuzi. Lakini kukopa si kosa. Kosa ni kukopa na kumficha mwenye mali. Gibbons humtaja mwalimu wake, na aliketi mbele yake kama mwanafunzi kabla ya kuvigusa vyombo.

Sisi tulio Afrika tuna sababu nyingine ya kusikiliza. Tangu miaka ya 1930, santuri za Kuba zilifika Kongo, na watu wakatambua ndani yake kitu chao. Ikazaliwa rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliitambua kuwa urithi wa binadamu mwaka 2021. Hapa kwetu, Morogoro ilikuwa na bendi iliyojiita Cuban Marimba. Ngoma ilikwenda utumwani, ikarudi nyumbani ndani ya santuri.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia namba 119, unaagiza muziki wa mataifa upewe heshima na nafasi yake, na wamisionari wafundwe ili waweze kuuendeleza. Ndugu mseminari, kesho utapangiwa parokia ambayo ngoma yake hukulelewa nayo. Ni rahisi kufika na kinanda chenye midundo iliyokwisha kupangwa kiwandani, ukabonyeza kitufe, kwaya ikafuata. Mzee wa ngoma ataketi kimya kwenye benchi la nyuma, na siku atakapofariki atazikwa na aliyoyajua.

Hakuna sheria iliyokataza ngoma hiyo. Tutakuwa tumeinyamazisha wenyewe, kwa uvivu wa kujifunza. Kama mpiga gitaa mwenye jina kubwa aliweza kulirudia somo la ujanani, padre kijana anaweza kumwendea mzee huyo, akamwamkia, akavuta kigoda na kuomba afundishwe.