Upepo Uliosifiwa na Ukuta Uliosahauliwa



Wengi wetu tulisimuliwa chuoni maafa ya Baghdad ya mwaka 1258, pale Hulagu, mjukuu wa Genghis Khan, alipouteka mji ule na kuumaliza ukhalifa wa Bani Abbas. Wachache tunakumbuka kwamba Hulagu alikuwa na nduguye, Kublai Khan, mtawala wa China, naye alivitamani visiwa vya Japani.

Mwaka 1274 Kublai aliwaamrisha mafundi wa Korea wamuundie vyombo 900 kwa muda wa miezi michache. Jeshi lake lilivipiga visiwa vya Tsushima na Iki, kisha likashuka katika ghuba ya Hakata. Wajapani walilemewa, wakarudi nyuma. Hata hivyo, wavamizi walirejea vyomboni wakaondoka.

Wenyeji hawakulala. Walijua kuwa aliyebisha hodi mara moja atarudi. Kuanzia mwaka 1276, wakuu wa Kyushu walipangiwa kila mmoja kipande chake kwa kadiri ya ardhi aliyonayo, wakajenga ukuta wa mawe wa kiasi cha kilomita 20 kuifuata pwani ya ghuba ile. Haba na haba, kibaba kikajaa.

Mwaka 1281 Kublai alituma misafara miwili, mmoja kutoka Korea na mwingine, mkubwa zaidi, kutoka kusini mwa China. Vitabu vya kale vyataja watu 140,000, ingawa wanahistoria wengi wa leo wanaona hesabu hiyo imetiwa chumvi. Ukuta uliwanyima pa kushukia Hakata. Usiku, wapiganaji wa Kijapani waliviendea vyombo vyao kwa mashua ndogo, wakavishambulia. Wiki zikapita, jeshi lingali linahangaika baharini na visiwani, na maradhi yakaingia. Ndipo mwezi wa Agosti tufani kubwa ilipovivunja vyombo vyao karibu na kisiwa cha Takashima. Hadi leo wapiga mbizi huibua huko nanga na mbao zao.

Wajapani waliuita upepo ule kamikaze, yaani upepo wa miungu. Sisi twajua kuwa upepo una Mola wake mmoja. Lakini funzo letu leo ni jingine: upepo ulisifiwa, ukuta ukasahauliwa. Lau si mawe yale, tufani ingeliwakuta wavamizi wamekwisha kulala majumbani mwa watu.

Kusahau huko kulikuwa na gharama yake. Mwaka 1944, Japani ilipokuwa inashindwa vitani, jina la upepo ule walipewa vijana marubani walioamrishwa kuziangushia manowari za Marekani ndege zao, wao wenyewe wakiwamo ndani. Maelfu walikufa. Mama zao waliambiwa wajivune. Tufani ya kuwaokoa haikuja, na mwaka uliofuata nchi ikasalimu amri.

Basi, kina mama na kina baba, tunapowasimulia wanetu kisa hiki, tusianze na upepo. Tuanze na mtu aliyebeba jiwe lake akaliweka mahali pake, miaka mitano kabla ya dhoruba, asijue kama itakuja. Kijana aliyefunzwa kungoja miujiza ni rahisi kutumwa kufa kwa ajili yake. Aliyefunzwa kujenga hujua thamani ya nyumba, na ya uhai wake.

Tukutane juma lijalo, inshallah.