Mgeni si kitu cha kutazamwa

Wako wenzetu wanaosafiri mbali, wanafika hoteli ya mji mkubwa, halafu wanarudi na uchungu. Pesa wamelipa, lakini pale mlangoni wanaangaliwa kama wezi. Uchungu ule sisi Wakongomani tunaujua tangu zamani.

Mwaka 1958 Wakongomani karibu 600 walipelekwa Ubelgiji kwa Maonyesho ya Dunia ya Bruxelles. Walilazwa Tervuren, pembeni ya mji. Walilalamika kwamba wamebanana, na ruhusa ya kutembea au kupokea wageni ni ndogo. Mchana mafundi walifanya kazi katika kijiji cha maonyesho, na watazamaji wengine wakawatupia ndizi. Mwezi wa saba mafundi wale wakakataa, wakarudi kwao, maonyesho yangali yanaendelea. Kitanda walipewa, heshima walinyimwa.

Sasa tujiulize sisi wa Alunguli. Mchimbaji anatoka Kalima, anafika jioni na matope miguuni, anangoja kuvuka mto kesho. Je, tunamwongezea bei ya chumba kwa kufikiri ana dhahabu mfukoni? Tunamcheka? Soma Mwanzo 18. Abrahamu alitoa maji ya kunawa miguu, akatoa na chakula, wala hakuuliza kwanza wageni wana nini.

Mwenye nyumba ya wageni, bei iwe moja kwa wote, shuka iwe safi, na salamu itangulie. Nawe msafiri, ukidharauliwa, usitukane: sema wazi, kisha ondoka na heshima yako. Mungu awabariki.